Mikanda ya shaba ya kusuka kwenye transfoma, jenereta na paneli: dalili, sababu na marekebisho

Mkanda wa shaba wa kusuka hufungwa mahali ambapo basiba ngumu, yaani upau wa shaba au alumini unaobeba mkondo, ingevunja kitu: kati ya bushi (vituo vyenye kihami ambako umeme hutoka kwenye tangi) za upande wa volti ndogo wa transfoma na basiba za paneli kuu, kwenye vituo vya jenereta, katikati ya basiba ndefu zinazotanuka kwa joto, na kati ya mlango wa paneli na kabati lake kama ethi. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za shaba, nyingi za kipenyo cha 0.15 au 0.20 mm, zilizosukwa kwa maelfu. Kila mwisho una kichwa, yaani bomba la shaba lililobanwa kwa presi mpaka likawa bamba gumu, kisha likatobolewa matundu ya bolti.

Malalamiko yanayoletwa kwa mafundi ni yaleyale, na mengi yanaanzia kichwani, si katikati ya mkanda. Kwa hiyo usikimbilie kununua mkanda mnene zaidi. Ukibadilisha mkanda ukaacha sababu ilipo, mpya nao utaungua palepale.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Mikanda mingi ipo upande wa umeme mkubwa wa ampea, mara nyingi kabla ya breka kuu. Shoti inayotokea hapo haina breka ya karibu ya kuikata. Spana ikidondoka kati ya fezi mbili, mlipuko unaunguza uso na mikono kabla mtu hajarudi nyuma hatua moja.

Zima vyanzo vyote, siyo kimoja. Jenereta ya kujiwasha yenyewe iwekwe kwenye hali ya kuzimwa na waya wa betri yake uchomolewe. Inveta za sola na UPS zinaweza kurudisha umeme kwenye basiba. Kapasita za kurekebisha pawafakta (za kupunguza mkondo usiofanya kazi) hubaki na chaji: subiri angalau dakika 5, kisha pima. Funga kwa kufuli, weka kibao, pima fezi zote kwa zenyewe, kwa nyutro na kwa ethi. Jaribu kipimio chako kwenye umeme unaojulikana kabla ya kupima na baada ya kupima, maana kipimio kibovu nacho huonyesha sifuri. Kisha unganisha basiba na ethi kwa waya wa muda.

Transfoma ikiwa ya shirika la umeme, iwe TANESCO, ZECO au Kenya Power, mikanda iliyo kwenye bushi zake si yako, na sili iliyopo haikatwi. Piga simu, eleza ulichoona, usubiri. Kazi ya ndani ya paneli nayo ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati: ya EWURA kwa Tanzania Bara, ya EPRA kwa Kenya. Asiye na leseni anaweza kutazama kwa macho mlango ukiwa umefungwa, kusikiliza, kunusa na kusoma mita. Hayo peke yake hutoa habari nyingi.

DALILI YA 1: KICHWA KIMOJA KINAPATA MOTO, VINGINE VIKO SAWA

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Huonekana kwanza kama harufu ya plastiki, au mfuniko wa mkanda unaobadilika rangi karibu na bolti, au fezi moja inayong'aa kwenye kamera ya joto.

Tuanze na kamera yenyewe, kwa sababu inadanganya. Shaba inayong'aa, au iliyopakwa bati, hutoa mionzi midogo sana ya joto. Kamera inaweza kuonyesha nyuzijoto 45 (°C) mahali penye 90. Wakati umeme umezimwa, bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye kila kichwa, au paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, ndipo upime baadaye kwenye hilo doa. Linganisha fezi tatu kwa mzigo uleule. Andika na ampea za wakati huo, kwa sababu bila ampea namba ya joto haina maana. Joto la ziada hupanda takriban kwa mraba wa mkondo: kichwa kilichozidi wenzake kwa nyuzi 15 mzigo ukiwa asilimia 40, kwa hesabu hiyo kitawazidi kwa nyuzi 94 mzigo ukijaa. Kwa vitendo huwa chini kidogo ya hapo kwa sababu kitu chenye moto zaidi hupoa haraka zaidi, lakini tayari ni hatari.

Sababu ya kwanza ni bolti iliyolegea, au ambayo haikukazwa ipasavyo tangu mwanzo. Zima, tenga, kisha pima mkazo kwa spana ya toki (inayoonyesha nguvu ya kukaza kwa nyutoni-mita, Nm). Kwa bolti za chuma za daraja 8.8, zikiwa kavu, M8 hukaa kati ya Nm 20 na 25, M10 kati ya 40 na 50, M12 kati ya 70 na 85. Mtengenezaji akiwa ametoa namba yake, fuata hiyo. Daraja limepigwa chapa kwenye kichwa cha bolti. Isiyo na chapa ing'oe, haijulikani itavumilia nini.

Usikaze tu na kuondoka. Ungio lililokwisha kupata moto lina oksaidi katikati, na kukaza juu ya oksaidi hupunguza joto kwa siku chache kisha linarudi. Lifungue. Utakachokiona kinaeleza historia yake: pete nyeusi au ya zambarau kuzunguka tundu, na sehemu ndogo iliyobaki inang'aa ambako ndiko shaba zilikuwa zinagusana kweli. Ukiona vitone vya bati vilivyoganda pembezoni, ungio limepita nyuzi 232, kiwango ambacho bati huyeyuka. Kichwa cha namna hiyo hakisafishwi, kinatupwa pamoja na mkanda wake, na basiba iliyokuwa chini yake ikaguliwe kama imelainika au imepinda.

Sababu ya pili, na hii inasikitisha kwa jinsi ilivyo rahisi kuepuka, ni wosha iliyowekwa kati ya kichwa na basiba. Fundi huona tundu ni pana au pembe haikai, anatia wosha kujaza nafasi. Chuma kisichoshika kutu kina ukinzani wa umeme wa karibu mara 40 ya shaba, na wosha ni nyembamba na ndogo. Mkondo wote unapita hapo. Shaba ya kichwa iguse shaba ya basiba moja kwa moja. Wosha zote hukaa nje: pana bapa pande zote mbili, kisha ya springi au ya koni chini ya nati. Ile pana bapa si pambo. Shaba ya kichwa ni laini, na nati ndogo ikiibonyeza peke yake inazama, mkazo unapotea.

Sababu ya tatu ni uso mchafu: rangi, vumbi la simenti, alama za vidole zenye jasho, mabaki ya gundi ya stika. Kwenye shaba tupu tumia brashi laini ya waya ya shaba au pedi ya kusugulia mpaka rangi ya waridi ionekane, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti, paka grisi ya maungio ya umeme tabaka jembamba sana, ufunge ndani ya dakika chache. Kwenye kichwa kilichopakwa bati usisugue kwa msasa hata kidogo. Lile bati ndilo kinga, na likitoka hapo ndipo kutu inapoanzia. Futa kwa spiriti tu.

Sababu ya nne ni shaba kukutana na alumini. Basiba za alumini zimejaa kwenye majengo, na kichwa cha shaba tupu kikifungwa juu yake kwenye unyevu, alumini huliwa. Unga mweupe pembezoni mwa ungio ndio ushahidi. Tumia kichwa kilichopakwa bati, au bamba la bimetali (upande mmoja shaba, mwingine alumini) kati yao, upande wa alumini ukitazama alumini. Likigeuzwa ni baya kuliko kutokuwepo.

Mwisho, na kwa nadra, tatizo limo ndani ya kichwa chenyewe: presi haikubana nyuzi vya kutosha. Hapa kipima mikro-omu (kifaa cha kupima ukinzani mdogo sana, wa milioni za omu) ndicho hakimu. Pima kutoka basiba hadi bamba la kichwa, kisha kutoka bamba hadi nyuzi zenyewe, sentimita 2 nje ya bomba, halafu linganisha na fezi nyingine. Kwa kipimo cha rejea: transfoma ya 1,000 kVA kwa volti 400 hutoa 1,443 A ikijaa. Ungio la mikro-omu 5 kwa mkondo huo hutoa wati 10 hivi. Likifika mikro-omu 50 hutoa zaidi ya wati 100, zote ndani ya kipande cha shaba kinachotosha kwenye kiganja. Fezi moja ikisoma mara mbili ya wenzake, iko kwenye matatizo hata kama bado haijanuka.

Acha kazi na umwite mhandisi endapo basiba imebadilika rangi zaidi ya sentimita chache kutoka kwenye ungio, vishikizi vyake vya plastiki vimepasuka au kuyeyuka, au joto kali limefika kwenye bushi ya transfoma au vituo vya breka kuu.

DALILI YA 2: MKANDA MZIMA UNAPATA MOTO SAWASAWA

Vichwa havizidi katikati. Mkanda wote una joto moja. Hapa mkondo ni mkubwa kuliko mkanda. Pima ampea kwa klampu mita inayosoma RMS halisi (isiyodanganywa na wimbi la umeme lililopotoka), kwa saa zenye mzigo mkubwa.

Mara nyingi mzigo umeongezeka tangu mkanda ulipofungwa: mashine mpya, viyoyozi, chaja za magari. Gawanya ampea kwa mm² za mkanda. Ikizidi 3 A kwa kila mm² ndani ya paneli iliyofungwa, fungua jedwali la mtengenezaji na uangalie namba zake ni za kupanda joto kiasi gani. Jedwali la hewani na mazingira ya nyuzi 25 halifai kabati lililofungwa Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Ikiwa ni mkanda wa nyutro, tazama aina ya mizigo. Kompyuta, taa za LED, UPS na drevu za mota (vidhibiti mwendo) huleta hamoniki za tatu, yaani mikondo ya ziada yenye marudio mara tatu ya yale ya kawaida, ambayo haiondoani kwenye nyutro bali hujumlishana. Nyutro inaweza kubeba zaidi ya fezi yoyote, na nyutro nyingi za zamani zilifungwa nusu ya unene wa fezi. Ukikuta nyutro ina moto kuliko fezi, usiishie kwenye kubadilisha mkanda. Mwite mhandisi apime hamoniki. Usiifungue nyutro mzigo ukiwa juu kwa sababu yoyote ile: volti za fezi kwa nyutro zitayumba na vifaa vya fezi moja vitaungua jengo zima.

Halafu kuna mkanda bandia. Sokoni zimo nyuzi za alumini zilizovishwa shaba, na hata chuma kilichopakwa bati. Sumaku inakamata chuma mara moja. Kwa alumini, kwangua uzi mmoja kwa kisu utazame rangi ya ndani, kisha weka mkanda kwenye mizani. Shaba ina uzito wa gramu 8.9 hivi kwa kila mm² kwa kila mita: kipande cha 100 mm² chenye urefu wa mm 300 kina gramu 267 bila kuhesabu mabomba ya vichwa, na kusuka huongeza kidogo. Ukipata gramu 180, ama unene umeibwa ama si shaba. Mizani ya dukani inatosha kabisa kwa kazi hii, na ningependa kila anayenunua mikanda aizoee.

DALILI YA 3: MIKANDA SAMBAMBA, MMOJA MOTO NA MWINGINE BARIDI

Fezi moja ina mikanda miwili, mitatu au minne, na haigawani mzigo. Zungushia kila mmoja koili ya kupimia mkondo inayopindika. Klampu ya kawaida mara nyingi haipiti.

Anza na ule wa baridi, siyo wa moto. Ule wa baridi ndio wenye ungio bovu, na mwenzake anabeba mzigo wake. Watu wengi hubadilisha wa moto, wanashangaa mpya nao unachemka. Fungua vichwa vya ule wa baridi na ufanye kama dalili ya 1.

Maungio yakiwa mazuri, pima urefu. Mikanda ya fezi moja iwe ya urefu mmoja na unene mmoja, kutoka kundi moja la utengenezaji ikiwezekana. Kuchanganya mm 250 na mm 400 ni kualika mgawanyo mbaya. Tofauti ndogo inayobaki baada ya hapo ni tabia ya umeme wa AC: mikanda ikipangwa kwa tabaka, sumaku ya mkondo huusukuma mkondo uende kwa mikanda ya kando zaidi. Acha nafasi ya hewa kati yao, usiifunge pamoja kwa kamba za plastiki kuwa fungu moja.

Ukikuta bamba la chuma la kabati ndilo lenye moto kuliko mikanda, chunguza matundu. Kila fezi ikipita kwenye tundu lake lenyewe katika bamba la chuma, bamba hupata mkondo wa kuzunguka. Fezi zote na nyutro zipite kwenye tundu moja, au bamba liwe la alumini.

DALILI YA 4: NYUZI ZINAKATIKA

Tazama mahali zinapokatikia. Zikikatika kwenye mstari ambapo nyuzi zinatoka kwenye bomba la kichwa, ni uchovu wa kupindwapindwa. Zikikatika katikati, kuna kitu kinazisaga.

Jenereta ndiyo mhusika mkuu. Imekaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, na hutikisika zaidi inapowaka na inapozimwa kuliko ikiwa kwenye mzunguko wake wa 1,500 kwa dakika. Simama kwa mbali, milango imefungwa, uangalie au urekodi video jenereta inapozimwa: mtikisiko wa sekunde zile chache ndio unaoua mikanda. Sababu ya kawaida ni mkanda mfupi, uliovutwa ukawa umenyooka. Ukiwa umezimwa na kutengwa, bonyeza katikati ya mkanda kwa kidole. Unapaswa kujongea kirahisi pande zote. Ukikaa kama uzi wa gitaa, ni mfupi. Agiza mrefu wenye mpindo unaoonekana, lakini usiwe mrefu kiasi cha kulala juu ya chuma.

Sababu inayofuata ni risasi ya kulehemu. Fundi anakata kipande cha mkanda unaouzwa kwa mita, anachovya ncha kwenye risasi ili zisifumuke, anatoboa tundu. Risasi hunyonywa ndani ya msuko sentimita kadhaa, sehemu hiyo inakuwa ngumu kama fimbo, na nyuzi zinakatika pale ugumu unapoishia. Kutoboa msuko wenyewe kwa drili bila bomba la kichwa ni kosa la aina hiyohiyo: nyuzi zilizokatwa hazibebi umeme, zilizobaki zinateleza chini ya bolti na mkazo unatoweka. Nyundo haiwezi kuchukua nafasi ya presi. Kama huna presi yenye daisi (vibano) za saizi hiyo, nunua mkanda uliokamilika.

Katikati pakisagika, tafuta ukingo wa bamba, kichwa cha skrubu au kamba ya plastiki iliyokazwa sana. Ondoa kinachogusa, kisha angalia kama kuna unga wa shaba chini. Unga huo hupitisha umeme, ufyonze kwa kifyonza vumbi, usiupulize kwa hewa ukasambaa kwenye vishikizi.

Je, nyuzi ngapi zikikatika ndipo ubadilishe? Nyuzi mbili tatu zilizochomoza hapa na pale zikatwe kwa koleo na mkanda uwekewe alama ya kuangaliwa. Zikikatika kwa kundi kwenye mstari wa kichwa, hata kama ni chache, badilisha. Kundi maana yake uchovu umeshafika, na zilizobaki zimechoka vilevile.

DALILI YA 5: RANGI IMEBADILIKA

Kahawia iliyofifia kwenye shaba tupu, au kijivu butu kwenye bati, ni umri tu. Mengine yana maana.

Kijani ni chumvi na unyevu. Mombasa, Tanga, Unguja, Lamu, popote upepo wa bahari unapofika, mkanda wa shaba tupu unageuka kijani hata ndani ya kabati lenye matundu ya hewa. Ubaya wa msuko ni kwamba hunyonya maji kama utambi na kuyaweka katikati, mahali kitambaa hakifiki. Upinde kidogo kwa mikono (umeme umezimwa) na ufungue nyuzi kwa vidole. Unga wa kijani ukitoka ndani, usihangaike kusafisha kwa asidi au ndimu. Asidi inabaki humo humo na kuendelea kula. Badilisha kwa mkanda wa nyuzi zilizopakwa bati, kila uzi, siyo kichwa peke yake. Kisha ziba chanzo: mpira wa mlango uliokufa, tundu la kebo lililoachwa wazi, hita ya kabati iliyozimwa.

Nyeusi ina asili mbili, na ni lazima uzitofautishe. Weusi wa moto huanzia kichwani na kufifia kadiri unavyokwenda katikati, na uko kwenye fezi zilizobeba mzigo. Weusi wa salfa umeenea sawasawa hata kwenye mkanda wa ethi usiobeba kitu. Huu wa pili hutokea karibu na mabwawa ya majitaka, viwanda vya ngozi na maeneo ya jotoardhi kama Olkaria. Wa moto unakurudisha kwenye dalili ya 1 au ya 2. Wa salfa unahitaji mikanda iliyopakwa bati na kabati lililozibwa; kukaza bolti hakutausaidia.

Kwenye mabanda ya kuku na maghala ya mbolea, amonia hupasua nati na bolti za shaba ya njano (brasi) zilizo kwenye mkazo. Mkanda unaweza kuonekana mzima huku nati yake ina ufa. Tumia bolti za chuma zilizochovywa zinki hapo.

DALILI YA 6: MAFUTA YANAVUJA CHINI YA BUSHI YA TRANSFOMA

Inaonekana kama tatizo la transfoma, na mara nyingi chanzo ni mkanda. Basiba ya shaba ya mita 6 ikipanda nyuzi 50 hutanuka mm 5 hivi, ya alumini karibu mm 7. Mkanda mfupi uliovutwa, au uzito wa kebo nzito zilizoning'inizwa bila kishikizi, husukuma nguvu hiyo kwenye nguzo ya bushi na gasketi inafunguka.

Sababu nyingine ni ukazaji wa spana moja. Nati ya nyuma ya bushi ishikwe kwa spana ya pili kila unapokaza au kulegeza. Nguzo ikizunguka, gasketi huharibika, na waya wa ndani ya tangi unaweza kujipinda mpaka ukakatika. Hilo halirekebishwi nje.

Fundi wa paneli anaweza kufunga mkanda mrefu zaidi na kuweka kishikizi cha kebo. Gasketi, mafuta na chochote kilichomo ndani ya tangi ni kazi ya wataalamu wa transfoma. Uvujaji ukiwa wa kudondoka, transfoma izimwe na mwenye mamlaka nayo mpaka wafike.

DALILI YA 7: MNGURUMO, AU MLIO WA KUKAANGA

Mngurumo wa chini usiobadilika hutokana na mikanda inayovutana na kuachana mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa 50 Hz. Aghalabu mkanda unagusa bamba, au mfuniko wake umelegea. Si dharura, lakini utakuja kuwa dalili ya 4.

Mlio wa kukaanga au kupasukapasuka ni jambo jingine. Kwenye volti 400 hewa haipaswi kutoa sauti hiyo kabisa. Maana yake kuna cheche kwenye ungio, au umeme unatambaa juu ya uchafu wenye unyevu. Usifungue mlango kutazama. Zima kwa breka iliyo mbali, watu waondoke mbele ya paneli, mwite mtaalamu. Moto ukiwaka, tumia kizimamoto cha CO₂ au cha unga, kamwe siyo maji.

DALILI YA 8: MFUNIKO WA MKANDA UMEYEYUKA AU UNA ALAMA ZA MLIPUKO

Mfuniko wa PVC uliolainika karibu na kichwa ni dalili ya 1. Ulioyeyuka urefu wote ni dalili ya 2. Wenye tundu dogo lenye kingo nyeusi, au mkanda wenye shanga za shaba iliyoyeyuka, ni alama ya shoti iliyokwisha kutokea. Mkondo wa shoti hurusha mikanda kwa nguvu inayopanda kwa mraba wa mkondo, ikagongana au ikagonga kabati. Usiwashe tena paneli hiyo. Vishikizi vya basiba, breka na maungio yote ya njia hiyo lazima yakaguliwe na ukinzani wa insulesheni upimwe. Mkanda mpya ufungwe ukiwa na vishikizi vinavyouzuia kufika kwa fezi ya jirani hata ukirushwa.

DALILI YA 9: MLANGO WA PANELI UNAPIGA SHOTI

Sababu ya kwanza: mkanda wa ethi haupo. Umekatwa wakati wa matengenezo haukurudishwa, au umeibwa kwa ajili ya chuma chakavu. Ya pili: upo, lakini umefungwa juu ya rangi. Rangi ya unga ya paneli ni insulesheni nzuri, na bolti iliyokazwa juu yake haipitishi kitu. Kwangua mpaka chuma king'ae chini ya kichwa, au tumia wosha yenye meno, kaza, kisha paka rangi juu ya ungio dhidi ya kutu. Ya tatu: nyuzi zimekatika kwenye bawaba kwa kufunguliwa na kufungwa miaka mingi.

Pima kati ya mlango na basiba ya ethi kwa kifaa kinachopitisha angalau 10 A. Kwa kiwango cha kimataifa cha paneli, IEC 61439, ukinzani usizidi omu 0.1. Multimita haifai, kwa sababu uzi mmoja uliobaki unatosha kuifanya ilie.

Lakini mlango wenye umeme una maswali mawili: kwa nini ethi haikuwepo, na umeme ulitoka wapi. Mkanda mpya hujibu la kwanza tu. Tafuta waya uliochubuka kwenye taa, swichi au mita za mlangoni kabla ya kuwasha.

BAADA YA KUBADILISHA

Chora mstari wa rangi kupita juu ya bolti, nati na basiba. Mstari ukivunjika ukaguzi ujao, bolti imezunguka. Usikaze upya kila mwaka kwa mazoea, kwa sababu kila ukazaji wa kupita kiasi huzidi kubonyeza shaba na kuvuta bolti. Andika mikro-omu za kila ungio likiwa jipya na ubandike karatasi hiyo ndani ya mlango. Washa, acha mzigo wa kawaida kwa saa 3 au 4 mpaka joto litulie, pima kwenye yale madoa meusi, fezi kwa fezi. Rudia baada ya wiki moja, kisha mwezi mmoja. Kichwa kinachopanda kidogokidogo kati ya vipimo hivyo vitatu, kwa mzigo uleule, kifunguliwe sasa.